Ochuka Mnampost Kila Agosti. Na Mutua Je?

Kila mwaka Agosti 1 ikikaribia, simu zetu zinajaa picha ya mtu mmoja. Hezekiah Ochuka, muziki wa drill chini yake, na maandishi makubwa: RAIS WA MASAA SITA. Komenti nazo ni zile zile. Ati Nyanza ilizaa simba. Ati tungekuwa mbali saa hii. Mtu wa Rongo anaweka moto tatu, mtu wa Mbita anaweka taji, na msee ambaye mwaka 1982 hata mamake hakuwa amezaliwa anaandika kana kwamba alikuwa ndani ya ile studio ya Sauti ya Kenya.

Mimi niko Migori na nitasema hapa hapa Migori, nikijua nitatukanwa kuanzia steji hadi darajani: tumechagua shujaa mbaya. Na tunaendelea kumchagua mwaka baada ya mwaka, hata baada ya yale yaliyotokea Homa Bay mwaka jana tu, Juni 2025. Nitafika huko. Kwanza ngoja tuongee kuhusu ile asubuhi yenyewe.

Jumapili, Agosti 1, 1982. Ochuka ni Senior Private wa Jeshi la Anga la Kenya, cheo ambacho kiko karibu kabisa na sakafu. Hasira yake, sikatai, ilikuwa na msingi. Miezi miwili hivi kabla ya hapo, Bunge lilikuwa limebadilisha Katiba na kuifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja kisheria. Watu walikuwa wanawekwa kizuizini bila kesi. Ukiwa kijana wa wakati huo na una damu mwilini, ungekasirika. Wanajeshi wakateka kambi za anga, wakateka redio, wakamfanya Leonard Mambo Mbotela asome tangazo kwamba serikali imepinduliwa. Nairobi ikawaka. Maduka yakavunjwa, wanawake wakabakwa, na kabla jeshi la nchi kavu kurudisha mji, mamia ya watu walikuwa wamekufa, wengi wao raia ambao hawakuwa na habari kwamba kuna baraza jipya la ukombozi. Ochuka akakimbilia Tanzania kwa ndege ya jeshi. Akarudishwa, akahukumiwa, akanyongwa Kamiti Julai 1987. Tangu mwaka huo Kenya haijamnyonga mtu mwingine kwa hukumu ya mahakama.

Hapo ndipo video zenu zinaishia. Zinaruka kitu kimoja, na kwangu mimi hicho ndicho hadithi yenyewe.

Asubuhi hiyo hiyo, mbali na Nairobi, kule Nanyuki, koplo mmoja kwa jina Bramwel Njeremani aliwashika marubani watatu kwa mtutu wa bunduki. Meja David Mutua, Kapteni John Mugwanja, Kapteni John Baraza. Amri: chukueni ndege, nendeni Nairobi, mkapige Ikulu na makao makuu ya GSU. Ndege zikapakiwa mabomu, F-5 mbili na Strikemaster moja. Njeremani mwenyewe akapanda kiti cha nyuma kuhakikisha kazi inafanyika.

Sasa simama kidogo hapo. Wewe ndiye Mutua. Uko ndani ya ndege ya kivita, nyuma yako kuna mtu mwenye silaha, chini ya mbawa zako kuna mabomu, na mbele yako, kwa mwendo wa ile kitu, Nairobi iko dakika chache tu. Hakuna mkubwa wa kumuuliza. Hujui hata serikali ni ya nani saa hii. Labda huyu koplo ndiye mkubwa wako mpya na kesho atakupandisha cheo. Na ukikataa huku chini unakula risasi, anatafutwa rubani mwingine.

Mutua hakukataa chini. Alipanda. Alikuwa anajua kitu ambacho Njeremani hakujua: mwili wa mtu ambaye hajazoea ndege ya kivita ni mali ya rubani. Ukiigeuza ghafla, damu inakimbia miguuni, kichwa kinakuwa chepesi, macho yanafifia, tumbo linapanda shingoni. Rubani amefunzwa kukaza misuli na kupumua ili avumilie. Koplo wa kawaida hajafunzwa. Marubani wakaongea wao kwa wao kwa masafa mengine ya redio, wakaanza kuzirusha ndege kama vile mbuzi amefunguliwa kamba. Yule bwana mwenye bunduki akapata kizunguzungu akawa hajiwezi. Mabomu yakaangushwa kwenye msitu wa Mlima Kenya. Ndege zikarudi Nanyuki.

Ni hivyo tu. Hakuna hotuba.

Ukitaka kujua uzito wa hiyo kitu, angalia ramani. Makao makuu ya GSU yako Ruaraka. Majirani wa Ruaraka ni Mathare na Baba Dogo, mahali ambapo watu wetu kutoka huku wakifika Nairobi hukodi chumba kimoja cha mabati. Barabara ya Ikulu nayo inapita kando ya hosteli za Chuo Kikuu cha Nairobi. Bomu la mwaka 1982 halikuwa na akili. Lingekosa kidogo tu, na wengi wenu mnaoweka taji kwenye picha ya Ochuka hamngekuwepo, kwa sababu shosho yenu alikuwa analala pale Mathare hiyo Jumapili.

Kwa hivyo nauliza tena. Ni nani hapa Migori ashawahi kupost Mutua?

Najua mtakachojibu, kwa sababu kuna msee ameshanijibu hivyo. Ati hao marubani walikuwa vibaraka wa Moi, waliokoa dikteta. Ati Ochuka ndiye alikataa amri, yeye ndiye muasi halisi.

Omera, hapo ndipo tunapochanganya mambo. Ochuka hakukataa amri. Alikataa kuzipokea ili aanze kuzitoa. Alitoka chini ya fimbo akaishika yeye. Njeremani alipoenda Nanyuki hakuenda kuwaambia marubani wachague. Alienda na ile sentensi ya kale ya kila mtu mwenye bunduki, fanya au nikufanye. Ukiwa unachukia Moi kwa sababu alitawala kwa amri, huwezi kuniambia unapenda Ochuka kwa sababu alitaka kutawala kwa amri masaa sita tu. Na kuhusu Moi, wale watatu hawakuwa wanapiga kura angani. Swali lililokuwa mbele yao lilikuwa dogo na zito: je, niangushe hii kitu juu ya watu? Wakasema hapana. Siasa ya baadaye ni ya baadaye.

Mwaka mmoja na ushee baada ya hapo, upande mwingine wa dunia, kuna mwanajeshi mwingine wa anga alipata swali la aina hiyo hiyo, na yeye hakuwekewa hata bunduki. Aliwekewa kompyuta.

Stanislav Petrov alizaliwa mwaka 1939 karibu na Vladivostok. Babake alikuwa rubani wa ndege za kivita wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mamake nesi. Alisoma uhandisi kule Kiev, akamaliza mwaka 1972, akaingia katika jeshi la ulinzi wa anga la Muungano wa Kisovieti, ambalo kazi yake ni kuangalia juu na kusema nini kinakuja. Akafika cheo cha luteni kanali. Hakuwa rubani, hakuwa kamanda wa kupigiwa saluti barabarani. Alikuwa mtu wa mitambo. Mtambo wa setilaiti uliokuwa unaangalia kama Marekani imerusha makombora, yeye alikuwa miongoni mwa walioandika maelezo ya jinsi ya kuutumia.

Usiku wa Septemba 26, 1983, dakika chache baada ya saa sita, Petrov yuko zamu katika handaki la Serpukhov-15, kusini mwa Moscow. King'ora kinalia. Kioo kinawaka maandishi mekundu: kombora limerushwa kutoka Marekani. Kisha la pili. La tatu. La nne. La tano. Kompyuta inasema uhakika ni wa juu kabisa.

Watu wengi wanaposimulia hii wanasema Petrov alikuwa na kidole kwenye kitufe cha nyuklia. Hapana, hakuwa na kitufe chochote. Alikuwa na simu. Kazi yake ilikuwa kuinua simu na kuwaambia wakubwa: tunashambuliwa. Wakubwa wangekuwa na dakika chache za kuamua kama watarudisha, na wakati ule kila upande ulikuwa unamngojea mwenzake akohoe tu. Yeye alikuwa karani wa mwisho wa dunia. Na kwa hiyo, kisheria, kitabu kilikuwa wazi: mtambo umesema, wewe ripoti.

Akainua simu akasema mtambo umeharibika.

Si kwamba alikuwa anajua. Yeye mwenyewe baadaye alisema ilikuwa nusu kwa nusu. Lakini alifikiria. Mtu akitaka kuanzisha vita vya nyuklia, si anakumwagia mamia ya makombora kwa mpigo mmoja? Matano ni ya nini? Mtambo wenyewe ulikuwa mpya na aliufahamu udhaifu wake. Rada za ardhini hazikuwa zimeona kitu. Basi akakaa akingoja. Dakika ishirini na tatu baadaye hakuna kilichoanguka. Ilikuja kujulikana kwamba setilaiti ilikuwa imedanganywa na mwanga wa jua uliogonga mawingu ya juu.

Kuna kitu alisema kuhusu wenzake ambacho hakinitoki kichwani: kwamba yeye alipata elimu ya kiraia, lakini wengi aliokuwa nao ni wanajeshi waliofundishwa kutoa amri na kutii amri, na pengine usiku ule angekuwa mwingine kitini, habari ingekuwa nyingine. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, sina ubavu wa kuwahubiria kuhusu vyeti. Ila hapo haongei juu ya cheti. Anaongea juu ya kuzoea kujiuliza.

Na msidhani naongea nadharia, ati labda wengine pia wangefikiria. Tunajua walivyofanya wengine. Wiki tatu tu kabla ya usiku huo, Septemba 1, 1983, jeshi hilo hilo la ulinzi wa anga lilitungua ndege ya abiria ya Korea iliyopotea njia ikaingia anga yao. Watu 269, wote wakafa. Rubani aliyerusha kombora, Gennadi Osipovich, alieleza miaka mingi baadaye kwamba aliona safu mbili za madirisha, akajua ni ndege ya aina ya abiria. Lakini hakuwaambia waliokuwa chini. Hawakumuuliza. Walimwambia piga, akapiga. Jeshi moja, mwezi mmoja, anga moja. Mmoja aliulizwa na mtambo na akaukatalia. Mwingine aliona madirisha kwa macho yake na akanyamaza kwa sababu fomu haikuwa na nafasi ya madirisha.

Mnajua Petrov alipewa nini? Kwanza sifa za mdomo. Kisha wakubwa wakarudi wakamuuliza kwa nini hakujaza daftari la zamu. Akawaambia mkono mmoja ulikuwa na simu, mwingine chombo cha kuongelea, na mkono wa tatu hana. Wakamkaripia. Kwa sababu kumpa medali maana yake ni kukubali kwamba mtambo ni mbovu, na mtambo ni wa watu wakubwa. Akahamishwa, akastaafu mapema mwaka 1984. Mkewe akapata saratani, akamuuguza hadi alipofariki mwaka 1997. Aliishi katika nyumba ndogo kule Fryazino kwa pensheni ya kubanana, kuna wakati akilima viazi ili ale. Dunia ilikuja kusikia habari zake miaka ya tisini, baada ya jenerali wake wa zamani kuziandika. Akaanza kuitwa ng'ambo kupewa tuzo. Alipofariki Mei 19, 2017, akiwa na miaka 77, hakuna gazeti lililoandika. Dunia ilijua Septemba, wakati rafiki yake Mjerumani alipopiga simu kumtakia heri ya kuzaliwa na mwanawe akajibu kwamba mzee alishaenda.

Ndiyo malipo ya kukataa kitu kibaya. Kitu kibaya hakitokei, kwa hivyo hakuna picha. Msitu wa Mlima Kenya hauwezi kutrendi. Ochuka ana picha kwa sababu kulikuwa na moshi.

Sasa twende Homa Bay, kwa sababu mimi sikukaa usiku kuandika haya kwa ajili ya Warusi.

Jumamosi Juni 7, 2025, Albert Ojwang alikuwa kwao Kakoth, Homa Bay. Miaka 31, mwalimu, mtu wa kupost kama sisi. Maafisa wa polisi wakaja kumchukua kwa sababu ya maneno kwenye mtandao juu ya mkubwa wao mmoja. Wakapita naye kituo cha Mawego, kisha wakamsafirisha mamia ya kilomita hadi Kituo Kikuu cha Polisi, Nairobi. Babake akafunga safari kumfuata akiwa na hati ya shamba mkononi, ili iwe dhamana. Alipofika aliambiwa mtoto ameshakufa. Mtoto wake wa pekee. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani. Madaktari waliopasua mwili walikuta majeraha ya kichwa, dalili za kukabwa shingo na majeraha mengine mwilini, wakasema hayo si ya mtu kujigonga.

Kesi iko mahakamani, washtakiwa sita wamekana, wakiwemo polisi watatu, na mimi si jaji. Lakini kuna jambo ambalo liko hadharani. Konstebo mmoja kati yao, katika maelezo yake kwa IPOA yaliyotangazwa na vyombo vya habari, alijieleza kwa kusema kwamba ilikuwa amri ya mkubwa, na amri ya mkubwa haikataliwi, ukikataa yatakupata.

Soma tena hiyo. Halafu kumbuka Mutua alikuwa na bunduki kisogoni.

Mimi nikiwaza juu ya Ojwang siwazi tu wale walio kizimbani. Nawaza juu ya urefu wa ile barabara. Kutoka Homa Bay hadi Nairobi ni safari ya karibu siku nzima, na kila hatua kuna mtu aliyevaa sare. Aliyeandika jina. Aliyewasha gari. Aliyefungua geti. Aliyeandika kwenye daftari. Aliyekuwa karibu na seli usiku ule akasikia. Amri moja ilipitia mikono mingapi? Na kila mkono ulikuwa kiti cha Petrov. Hata mmoja angeinua simu akasema huyu mtu amewatukana kwenye intaneti tu, mbona tunamsafirisha hivi kama jambazi. Hata kwa ujanja wa Mutua: gari limeharibika Narok, mtuhumiwa ni mgonjwa tumempeleka hospitali, karatasi zimekosewa turudi kesho. Serikali hii hushindwa kufanya mambo kila siku kwa uzembe. Siku moja ingeshindwa kwa makusudi.

Na msiniambie sheria inawalazimisha. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011, Jedwali la Sita, inasema wazi kwamba kufuata amri ya mkubwa si kisingizio cha kutumia nguvu kinyume cha sheria. Imeandikwa. Wanafundishwa. Halafu wanahitimu Kiganjo na jambo la kwanza wanaloambiwa kituoni ni ndiyo afande.

Lakini, na hapa ndipo nitawakasirisha tena, sisi tunawafundisha hiyo hiyo. Kila mmoja wetu hapa Migori au Homa Bay ana binamu aliyeajiriwa polisi au jeshini. Siku alipoajiriwa tulichinja. Tulimwambia nini? Usijaribu kuwa mjuaji. Ukiambiwa ruka, ruka. Usiharibu kazi, kuna wadogo zako wanangojea karo. Hakuna shangazi aliyesimama kwenye ile sherehe akasema, mwanangu, siku utakayoambiwa umpige mtoto wa mtu, rudi nyumbani, ugali upo. Kisha Julai ile ile mwili wa Ojwang uliporudishwa, vijana wakateketeza kituo cha Mawego, na wengi wao usiku huo walienda kulala nyumba moja na ndugu mwenye sare kabatini. Naelewa ule moto, hata sitawahukumu. Ila jengo halikupokea amri. Binamu yako ndiye huipokea.

Msee mmoja wa Awendo ameniuliza kama nataka polisi wote wafutwe kazi kwa kukataa, halafu nani awalishe. Swali zuri kuliko taji zenu zote. Petrov alilima viazi, sikuficha. Kukataa kuna gharama na mara nyingi anayelipa ni mke na watoto. Ndiyo maana nasema anayekataa asiachwe peke yake. Polisi akikataa amri mbaya, jina lake lipaswa kujulikana kwetu kuliko la mchezaji wa Gor. Achangiwe kama tunavyochanga matanga. Maana matanga tunajua kuchanga, wallahi, huku kwetu tunaweza kukodi hema kumi na spika za kutikisa ziwa kwa ajili ya marehemu. Mtu aliyezuia matanga hatumpi hata soda.

Kwa hivyo Agosti hii mkianza tena na rais wa masaa sita, mimi nitapost majina matatu: Mutua, Mugwanja, Baraza. Na wewe mwenye binamu kituoni, usilaiki tu. Mpigie leo jioni akitoka zamu, umuulize akiletewa mtu aliyepost kitu, na mkubwa akasema mfinye, yeye atafanya nini. Usikubali akucheke. Ngoja ajibu.